Mtaalamu wa vinasaba akitumia maisha yake kumrudisha mnyama aliyetoweka, anayerudi ni yule yule au mwingine?

#1 Mwl wa Ujiji

Wakuu, habari za usiku.

Nafundisha baiolojia sekondari hapa Ujiji. Wiki iliyopita kidato cha sita tulikuwa kwenye mada ya vinasaba, na mchana wa jua kali ukitaja neno "kromosomu" nusu ya darasa inasinzia. Nikafunga kitabu, nikawapa kisa cha Profesa Andrew Pask wa Chuo Kikuu cha Melbourne. Kazi ya bwana huyu ni kumrudisha thailasini, mnyama wa Tasmania kule Australia: umbo la mbwa, michirizi mgongoni hadi kwenye mkia, na mfuko wa kubebea mtoto kama kangaruu. Kuanzia 1888 hadi 1909 serikali ya kule ililipa pauni moja kwa kila thailasini mkubwa aliyeuawa, kwa madai kwamba anamaliza kondoo. Walilipia zaidi ya 2,000. Sheria ya kumlinda ikaja Julai 1936. Wa mwisho anayejulikana akafa kwenye bustani ya wanyama ya Hobart tarehe 7 Septemba mwaka huo huo, siku 59 baadaye.

Nilipofika hapo darasa lote lilikuwa macho. Kijana mmoja nyuma aliuliza Tasmania iko wilaya gani, wenzake wakamcheka, lakini alikuwa anasikiliza na mimi nilifurahi.

Nikaendelea: Pask alianza kazi hii 2017, alipotoa na wenzake ramani ya vinasaba vya mtoto wa thailasini aliyekaa kwenye chupa ya spiriti zaidi ya miaka 100. Mwaka 2022 chuo kikapewa dola milioni 5 za Australia kufungua maabara ya kazi hiyo.

Kengele ikalia, wakatoka. Akabaki binti mmoja. Mama yake anaanika dagaa Kibirizi, naye Jumamosi anamsaidia. Jumatatu mikono bado inanukia mwaloni. Akafuta ubao bila kuambiwa, kisha akauliza: "Mwalimu, huyo mtoto akizaliwa, mama yake atakuwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nikasema nitatafuta. Akaongeza taratibu: "Mimi nataka kazi hiyo." Baba yake ameshaamua asome uuguzi.

Kwa hiyo naomba msaada wa kweli. Anayerudi ni yule yule? Na mtoto wa Kigoma nimwambie nini kuhusu kazi ya namna hii?

#2 Kijiko cha Mbao

Natandika mkeka hapa. Wajuvi njooni.

#3 Mwana wa Liemba

Mwalimu, jibu unalo hapo bandarini. Ile meli ilikuja kutoka Ujerumani vipande vipande kwenye makasha, ikaunganishwa hapa Kigoma ikiitwa Graf von Götzen. Vita ya kwanza Wabelgiji wakaizamisha. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 ikatolewa injini ya mvuke, ikawekwa ya dizeli. Mabati mangapi yamebadilishwa tangu hapo? Babu yangu alikuwa kuli pale, na siku zote aliiita "meli yetu ile". Hakuwahi kusema hii nyingine. Mnyama akirudi na sura ile, akakaa pori lile, akala chakula kile, ni yule yule.

#4 Kapteni wa Nchi Kavu

Sahihisho kwa #3. Wabelgiji hawakuizamisha. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 isije ikaangukia mikononi mwa adui, na kabla ya kuizamisha mafundi wao walizipaka mashine grisi nzito. Ndiyo maana ilipoibuliwa ilikuwa bado inafaa.

Na hapo ndipo mfano wako unapokatika, mkuu. Meli ile ilizamishwa na watu waliokuwa na nia ya kuirudia. Thailasini nani alimpaka grisi?

(Halafu babu yako kwenye uzi wa reli alikuwa kondakta wa treni. Leo ni kuli. Mzee alifanya kazi nyingi!)

#5 Mwana wa Liemba

#4 wa reli alikuwa babu mzaa mama. Watu wana babu wawili.

#6 Maabara Namba Tano

Salamu wakuu. Nimezaliwa Mwanga, Kigoma. Sasa niko Dar kwenye maabara ya vinasaba vya mazao. Si wanyama, lakini mitambo ni ile ile.

Kapteni, aliyempaka grisi yupo. Ni yule mtu wa makumbusho aliyemtia mtoto wa thailasini kwenye spiriti mwaka 1909 badala ya dawa nyingine. Hakujua anafanya nini. Angemtia kwenye fomalini, leo tusingekuwa na uzi huu, kwa sababu fomalini inaharibu sana vinasaba.

Mwalimu, sahihisho dogo. Pask hakuanza 2017. Mwaka 2008 yeye na Profesa Marilyn Renfree na wenzao tayari walikuwa wamechukua kipande cha DNA ya thailasini wakakiweka kwenye kiinitete cha panya, na kikafanya kazi kwenye gegedu, pale mifupa inapoanza kujengeka. Ilikuwa mara ya kwanza DNA ya mnyama aliyetoweka kufanya kazi ndani ya mwili ulio hai. Na kabla yake, 1999, makumbusho moja ya Sydney chini ya Mike Archer ilijaribu kumnakili mnyama huyo huyo kutoka kwa mtoto aliyehifadhiwa 1866. Mradi ukafungwa 2005 kwa sababu DNA ilikuwa imeharibika mno. Kwa hiyo binti akikuuliza kazi hii inachukua muda gani, mwambie wapo waliozeeka nayo.

Sasa namna inavyofanyika. Chukua kanga ya bibi iliyokaa kwenye sanduku miaka mia. Ukiigusa inachanika. Una vipande maelfu, hujui kipi ni pindo na kipi ni mji, na maneno ya jina yamekatikakatika. Lakini mjukuu ana kanga ya toleo linalokaribiana. Unaitandika sakafuni, unapanga vile vipande juu yake kimoja kimoja, mpaka unajua kanga ya bibi ilikuwaje na inatofautiana wapi na hii. Hiyo ndiyo kazi ya ramani.

Ila vipande vile huwezi kuvishona vikavalika tena. Unachofanya ni kuikata kanga ya mjukuu pale inapotofautiana na kushonea mchoro wa bibi, sehemu moja baada ya nyingine. Kwa thailasini, mjukuu ni danati, mnyama mdogo wa mfuko mwenye mkia mnene, gramu 15 hivi. Unahariri seli zake, unachukua kiini cha seli hiyo, unakiweka kwenye yai la danati lililotolewa kiini chake. Likishika, danati mwenyewe anaweza kuanza kulibeba, kwa sababu wanyama wa mfuko huzaliwa wadogo kama punje ya mchele. Hadi leo hajazaliwa hata mmoja.

Kwa swali la binti, mimi nahesabu mama watatu. Yule thailasini wa zamani ambaye mwanawe yuko kwenye chupa, danati aliyetoa seli na yai, na danati atakayebeba. Na mitokondria, zile mashine za nguvu ndani ya seli, zinabaki za mwenye yai. Kwa hiyo hata kitaalamu hatakuwa wa bibi peke yake.

#7 Mwl wa Ujiji

#6 shukrani sana. Hiyo ya kanga naiingiza darasani kesho.

#8 Nyuki wa Ugalla

Mwangaluka. Mimi ni mfugaji wa nyuki, Sikonge, Tabora. Sijasoma vinasaba, nasema ninachokiona.

Baba yangu alitengeneza mizinga ya magome. Unachagua myombo mnene, unauvua gome lote kama mtu anavuliwa shati, mti unakufa umesimama. Mwaka mmoja nilihesabu miti aliyoivua tangu nikiwa mdogo kwenye bonde letu, nikaacha kuhesabu. Nikahamia mizinga ya mbao. Nikatundika 40 pale pale. Msimu ule waliingia nyuki kwenye 6. Mizinga ilikuwa mizuri, nta nimepaka, lakini maua hayakuwepo.

Mnajadili mnyama. Mimi nauliza pori. Hata mkimpata yule yule kabisa, unyoya kwa unyoya, anarudi wapi?

Pili, mnyama si mwili tu. Nani atamfundisha kuwinda, kujificha, kulea? Wakubwa zake wote wamekufa. Atakuwa mtoto yatima wa kabila zima.

#9 Mwisho wa Reli

#8 ndugu zetu wa Tabora huwa mna maembe na maneno, leo umeleta na machozi. Hiyo ya mizinga 40 imenigusa.

Ila kwenye "nani atamfundisha" napinga kwa ushahidi wa kwenu huko huko. Ndege wa asali, yule anayewaita watu na kuwaongoza hadi kwenye mzinga, mama yake hutaga kwenye kiota cha ndege wengine. Kifaranga akianguliwa ana ndoano kwenye mdomo, anawaua watoto wa mwenye nyumba, analelewa na wageni. Hajawahi kumwona mama yake akiongoza mtu. Lakini anakua na anakuja kukuita wewe Mnyamwezi ukamfuate. Nani alimfundisha?

#10 Nyuki wa Ugalla

#9 hoja nzuri, nimekaa nayo tangu jana. Ni kweli analelewa na wageni.

Lakini hujamaliza. Wapo watafiti waliofanya kazi na Wahadzabe wetu hapa Tanzania na Wayao wa Msumbiji. Mhadzabe anamwita ndege huyu kwa mluzi, Myao anamwita kwa sauti ya kutetemesha ulimi inayoishia na mguno. Walipopiga sauti ya Kihadzabe kwa ndege wa huku, aliitika mara nyingi zaidi kuliko alipopigiwa ya Wayao, na kule Msumbiji ikawa kinyume chake. Maana yake hamu ya kuongoza anazaliwa nayo, lakini lugha ya mahali anajifunza. Sasa mnyama wenu atazaliwa na hamu. Lugha ya mahali ataikuta kwa nani?

#11 Bin Ujiji

Assalaam alaykum. Ndugu zangu, kuumba ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Sisemi wanasayansi hawa ni wabaya. Nasema kauli ya "kurudisha" inanitisha. Kilichokufa kimeshachukuliwa.

#12 Bibi Mwandiga

#11 waalaykum salaam mwanangu. Mimi ni Mkristo na nimezeeka. Kwenye kisa cha mwalimu sikuona mnyama aliyechukuliwa na Mungu. Niliona watu wanalipwa pauni moja moja wamuue. Kama aliyeharibu ni mtu, mtu kujaribu kutengeneza kuna ubaya gani?

#13 Bin Ujiji

#12 bibi, sina ubishi na hilo. Nakuheshimu.

#14 Punda Milia

Mleta mada umevuka bahari mbili kwenda Australia ukaiacha Afrika. Kwagga je?

Kwagga alikuwa punda milia wa Afrika Kusini, milia mbele tu, nyuma kahawia kama punda wa kawaida. Wa mwisho alikufa Amsterdam tarehe 12 Agosti 1883. Cape Town kulikuwa na mtu anaitwa Reinhold Rau. Hakuwa mtaalamu wa vinasaba, msije mkanisahihisha. Alikuwa fundi wa kujaza ngozi za wanyama kwenye makumbusho. Alipokuwa akitengeneza upya kwagga wa zamani alikuta ndani ya ngozi vipande vya nyama iliyokauka ambavyo fundi wa kwanza aliviacha. Wengine wangevitupa. Mwaka 1984 Russell Higuchi na Allan Wilson kule California walisoma DNA kutoka kwenye mabaki ya kwagga, ya kwanza kabisa kusomwa kutoka kwa mnyama aliyetoweka, na ikaonekana yuko karibu sana na punda milia wa kawaida, hawa hawa wa Katavi.

Rau akafikiri hivi: kama ni ndugu wa damu, ile sura bado imo ndani ya hawa waliopo, imetawanyika. Mwaka 1987 wakaanza kuchagua punda milia wenye milia hafifu nyuma, kuwazalisha, kuchagua tena. Hakuna maabara, ni kama mkulima anavyochagua mbegu. Rau alikufa 2006. Vizazi vya baadaye vina miguu ya nyuma isiyo na milia kabisa, na wenye mradi huwaita kwagga wa Rau, kwa sababu wenyewe wanakiri huenda si yule.

Hilo la jina ndilo ninaloliheshimu. Kazi ya miaka yote hiyo, na bado hawakudai zaidi ya walichokifanya.

#15 Data Bando

Mbona mnabishana jambo lililokwisha? Aprili 2025 kampuni ya Colossal ilitangaza kwamba imemrudisha mbwamwitu wa kale, yule wa Amerika aliyetoweka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Wako watatu, Romulus, Remus na Khaleesi. Weupe kama pamba. Picha ziko kila mahali.

#16 Maabara Namba Tano

#15 mkuu, hao ni mbwamwitu wa kijivu, hawa waliopo leo, waliohaririwa sehemu 20 kwenye jeni 14. Kati ya kanga ya bibi na ya mjukuu kuna tofauti mamilioni. Wao wameshonea viraka 20. Hata mwanasayansi wao mkuu, Beth Shapiro, alisema baadaye kwamba ni mbwamwitu wa kijivu wenye mabadiliko 20.

Nimtaje Shapiro vizuri kwa sababu mwalimu ameuliza kuhusu kazi. Mwaka 2002 akiwa kijana Oxford alikuwa kwenye kundi lililosoma DNA ya dodo, yule ndege asiyeruka wa Mauritius, na wakakuta ni wa ukoo wa njiwa. Ndugu yake wa karibu aliye hai ni njiwa wa Nikobari. Akawa profesa California, akasoma vinasaba vya mamothi (tembo wa kale), nyati wa kale na farasi wa kwenye barafu. Mwaka 2024 akahamia Colossal. Miaka 22 kutoka kipande cha dodo hadi kuajiriwa na watu wanaosema watamrudisha dodo. Na kwa muda mrefu alikuwa akieleza hadharani kwamba nakala kamili haiwezekani.

#17 Data Bando

#16 nimekuelewa. Lakini mtu wa kawaida akimwona porini atamwita mbwamwitu wa kale. Jina linatolewa na macho.

#18 Punda Milia

#17 ndiyo maana nimetaja kwagga wa Rau.

#19 Dada wa Katonga

Naomba niwe mkali kidogo, kwa sababu kuna maisha ya mtoto hapa.

Binamu yangu alisoma baiolojia ya molekuli chuo kikuu, darasa zuri, akahitimu na alama za juu. Alikaa miaka mitatu akituma maombi. Sehemu moja wakamchukua kwa kujitolea bila posho, wakamwambia subiri nafasi, nafasi ikaja akapewa mwingine. Leo ana duka la simu Mwanga na ni fundi mzuri wa vioo. Bado anahifadhi koti lake jeupe, limepigwa pasi, liko kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati. Nimeliona mwezi uliopita.

Mwalimu, kabla hujamwambia "fuata ndoto yako", mwambie na hili. Baba anayesema uuguzi hana chuki na mtoto. Anahesabu.

#20 Mwl wa Ujiji

#19 dada, nimesoma mara mbili. Sitamficha.

#21 Maabara Namba Tano

#19 pole kwa ndugu yako. Mimi mwenyewe nilikaa mwaka na nusu. Njia zipo: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana shahada ya baiolojia ya molekuli na bioteknolojia, SUA Morogoro wana bioteknolojia na maabara, na Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela kwa shahada za juu. Nafasi za kazi ni chache, hilo ni kweli tupu. Ila seli za muhogo, ng'ombe na thailasini zinafanyiwa kazi kwa mikono ile ile. Akijifunza hiyo mikono hafungwi na mnyama mmoja.

#22 Mtoto wa Mto Kihansi

Nashangaa tumefika #21 na hakuna aliyetaja chura wetu. Huyu Watanzania wote mnamjua kwa maneno ya wanasiasa, lakini wachache mnajua kisa chake.

Chura wa Kihansi aligunduliwa 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, kwenye rasharasha za maporomoko. Eneo lake lote duniani lilikuwa hekta chache tu. Anatosha juu ya ukucha wa kidole gumba, rangi ya manjano, na hatagi mayai majini kama vyura wengine: anazaa watoto kamili. Bwawa la umeme likajengwa, maji yakaelekezwa kwenye mitambo, rasharasha ikakatika. Mwaka 2000 wakachukuliwa chini ya 500 wakapelekwa Marekani, bustani za Bronx na Toledo. Huku nyumbani yakawekwa mabomba ya kunyunyiza maji kuiga maporomoko, lakini ukaingia na ugonjwa wa ukungu wa ngozi. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Kule Marekani wengi walikufa mwanzoni, watunzaji wakajifunza taa, unyevu, wadudu wa kuwalisha. Wakaongezeka. Mwaka 2012 wakarudishwa Kihansi kwa ndege.

Nilikuwa mdogo, mjomba wangu alikuwa kibarua wa kubeba vifaa kushuka korongoni. Alisema njia inateleza kama sabuni, na kila mtu alikanyagishwa kwenye dawa ya kuua ukungu kabla ya kushuka, hata mkubwa wao.

Hakuna aliyehariri jeni hata moja. Walimwahi. Binti wa Kibirizi afanye kazi ya namna hii.

#23 Kapteni wa Nchi Kavu

#22 kisa kizuri, lakini yule alikuwa hai muda wote. Alihama akarudi. Swali la mwalimu ni la aliyekufa.

#24 Mtoto wa Mto Kihansi

#23 na mimi nasema swali zuri zaidi ni la anayekaribia kufa. Faru weupe wa kaskazini wamebaki wawili, Najin na mwanawe Fatu, Ol Pejeta, Kenya. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018. Wataalamu wanachukua mayai ya Fatu, wanayarutubisha maabara Italia kwa mbegu zilizogandishwa, na wanatafuta faru wa kusini wa kuyabeba. Januari 2024 walitangaza kwamba kiinitete cha faru wa kusini, cha majaribio, kilishika mimba kwa njia hiyo. Mama mbebaji alikufa kwa bakteria, akakutwa na kijusi dume cha siku 70, sentimita 6.4. Walilia na walifurahi siku moja. Hao nao ni wataalamu wa kurudisha, ila mlango haujafungwa kabisa.

#25 Mwisho wa Reli

Kwa Kapteni anayetaka aliyekufa kabisa: mbuzi-mwitu wa milima ya Pirenei, Hispania. Wa mwisho, jike aliyeitwa Celia, alikutwa amekufa Januari 2000, ameangukiwa na mti. Mwaka uliotangulia walikuwa wamechukua kipande cha ngozi yake na kukigandisha. Julai 2003 akazaliwa mwanambuzi kutoka kwenye seli zile, amebebwa na mbuzi. Seli za Celia mwenyewe, bila viraka. Alikuwa na kasoro ya mapafu, akaishi dakika chache mikononi mwa madaktari.

Huyo alikuwa yule yule. Na alikuwa jike. Hata angeishi miaka 20, dume angetoka wapi?

#26 Bibi Mwandiga

#25 dakika chache. Nimeshindwa kuendelea kusoma jana usiku.

#27 Jarife la Katonga

Habari wakuu. Mimi ni mvuvi. Naona mnazunguka dunia nzima na ziwa liko mlangoni.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, sisi tulilalamika sana, nami nilikuwa mmoja wao. Nyumbani tulikula kisamvu hadi watoto wakakikimbia. Lilipofunguliwa, usiku wa kwanza nilishusha taa, baada ya muda maji chini ya taa yakaanza kumeta kama mtu anamwaga sindano. Sijaona hivyo tangu nikiwa na miaka kama kumi na tano. Nilizima injini nikakaa natazama tu, wenzangu wakanipigia kelele nishushe wavu.

Kwa hiyo mimi naona kurudisha kupo kwa namna hiyo. Unaacha.

#28 Data Bando

#27 mkuu, migebuka sasa hivi Kibirizi bei gani? Nina shughuli mwisho wa mwezi.

#29 Jarife la Katonga

#28 njoo inbox. Usije na bei za Tabora.

#30 Nyuki wa Ugalla

#29 tumewakosea nini? Treni yenu inapita kwetu ndipo mnafika.

#31 Dada wa Katonga

Tumepotea njia. Niongeze jambo kwa mwalimu. Nilikuwa mkali #19, lakini nimefikiria Gombe. Kule watafiti hawamchomi sokwe sindano. Wanaokota kinyesi chake, wanakitia kwenye kichupa, kutoka humo wanasoma vinasaba na kujua nani baba wa nani. Ni safari ya boti tu kutoka Kibirizi. Na aliyeianzisha kazi ya pale Julai 1960, hayati Jane Goodall, alifika bila shahada yoyote, Cambridge ilimpokea baadaye. Huyu binti amekulia kwenye mwalo ule ule ambako boti zile zinaondokea.

#32 Mwana wa Liemba

#31 sasa umesema. Ila mimi na meli yangu bado sijahama. Yule yule.

#33 Mwl wa Ujiji

Wakuu, samahani kwa kimya, tulikuwa na mitihani ya majaribio.

Nilimwita binti nikamsomea sehemu kubwa ya uzi, pamoja na koti jeupe la #19. Alinyamaza kwa muda. Nilipofika kwa mama watatu wa #6 alichukua kalamu akachora kwenye daftari. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: kama yule wa makumbusho aliyemtia mtoto kwenye spiriti hakujua anachokifanya, je, mtu akijua? Anataka kuanza kuhifadhi vipande vya samaki wa ziwa, kila aina inayopita kwenye chanja ya mama yake, na jina la kienyeji na tarehe. Ana orodha tayari: dagaa, lumbu, migebuka, sangala, kuhe, na wengine saba ambao mimi siwajui hata kwa sura.

Baba yake bado anasema uuguzi. Nimepanga kwenda kumwona Jumapili.

Maabara Namba Tano, atumie nini?

#34 Maabara Namba Tano

Mwalimu, nimesoma huku nimesimama.

Atumie spiriti ya maabara, kali, asilimia 95 na kuendelea. Spiriti ya dukani ina mchanganyiko, asiitegemee. Gongo asijaribu. Fomalini kabisa hapana. Hahitaji samaki mzima: kipande cha pezi ukubwa wa ukucha kinatosha, kwenye kichupa chenye mfuniko wa kukaza, spiriti iwe nyingi kuliko nyama, na siku ya pili aimwage aweke mpya kwa sababu maji ya nyama yanaipunguza nguvu. Mkasi aufute kwa spiriti kati ya samaki na samaki, la sivyo atachanganya damu za watu. Lebo aandike kwa penseli na aitumbukize ndani, maana wino utayeyuka. Vichupa nitakutumia kwa basi.

#35 Nyuki wa Ugalla

#33 mwambie aandike na mahali, si jina na tarehe tu. Ufukwe gani, kina gani, walikuwa wanakula nini. Akiacha hilo, atakayekuja baadaye atakuwa na mzinga bila maua.

#36 Kapteni wa Nchi Kavu

#35 ungemwambia hivyo yule wa 1909.

#37 Jarife la Katonga

Mwalimu, yuko samaki mmoja mweusi wa kina kirefu, baba anasema zamani alikuwa kero kwenye nyavu, mimi nimemwona mara mbili tu maishani. Wiki iliyopita kaka yangu alimpata mmoja, tumemweka kwenye barafu. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa Kibirizi, boti ya bluu yenye mstari mweupe. Binti aje na mkasi.